Viti Arobaini na Kimoja

Kijitonyama, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Mjomba Xavery, shikamoo.

Naandika kwa mkono kwa sababu yako. Mwezi uliopita nilikupigia simu mara nne, na mara zote nne ulisema "sisikii, kata," halafu ukakata wewe. Mkweo Consolatha ameniambia honi za treni zimekumaliza masikio, simu huiwezi tena, ila redio unaifungulia mpaka majirani wanasikiliza bila kupenda. Basi sawa. Barua hii nampa dereva wa basi la Tabora aiache stesheni. Kutoka hapo watu wako wa reli watajua la kufanya.

Mimi mzima. Nimehamia nyumba ndogo, inanitosha. Nakula, nalala. Nikiulizwa hali nasema poa, na sidanganyi, sina kingine cha kusema. Natumaini na nyie wote hapo Bukene mko salama, na mpunga umekubali.

Jambo lenyewe ni hili. Oktoba natimiza miaka kumi tangu wimbo wangu "Behewa la Tatu" utoke. Meneja wangu Shukrani anataka tufanye onyesho hapa Dar. Nimekataa. Huku nikipita barabarani watu wanakumbuka sura, jina hawalipati. Lakini kila Jumapili nafungua redio ya Tabora kwenye simu, kile kipindi cha salamu cha Tobias, na kila Jumapili kuna kadi tatu nne zinazoomba wimbo wangu. Majina nimeyaandika kwenye daftari. Jilala Kaza Taruma wa Bukene. Yoramu Nyundo Moja. Wenceslaus Taa Mbili. Yamefika arobaini na moja. Na yule Mama Behewa wa Bukene, huyo tangu nianze mwaka 2014 hajakosa mwezi. Miaka kumi, mjomba. Sijawahi hata kumpa mkono.

Nataka nifanye onyesho Tabora mjini, Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba, alasiri. Hao arobaini na moja wakae mstari wa mbele, kila kiti na jina lake. Nitawaita mmoja mmoja wasimame. Wengi wanajitaja kuwa wa Bukene, na wewe umeshika bendera pale stesheni miaka thelathini na nne, huwezi kukosa kuwajua. Nitafutie.

Nikwambie ukweli. Kama Tabora bado ipo, nitaendelea kuimba. Kama haipo, naacha, na sijui baada ya hapo kuna nini. Sisemi kwa uchungu. Nakuarifu tu.

Mpwa wako,
Benjamini


Bukene
Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Marahaba, mpwa wangu. Marahaba mara mbili, maana ya Krismasi hukuileta.

Barua yako imesafiri kuliko wewe. Gadi wa treni aliitia mfukoni mwa koti, akapita nayo hapa, akaenda nayo Mwanza, akarudi nayo Tabora, akaja nayo tena. Nilipomuuliza akasema alidhani ni ya mkewe. Siku ishirini na mbili. Enzi zetu mtu angesimamishwa kazi.

Huku mvua imenyesha ya kutosha na kuzidi. Bonde lote la mpunga limejaa, viazi vinaanza kuoza ardhini, hatutapata michembe, viazi vya kukausha, ya maana mwaka huu. Consolatha amejifungua mtoto wa kike, anaitwa Theodora, analia kama kichwa cha treni kinachokosa breki. Hata mimi namsikia. Leo tumefanya Njia ya Msalaba kutoka kanisani mpaka njia panda ya reli, nimepewa msalaba kituo cha tatu, nikaona ajabu jinsi magoti yanavyoweza kumsaliti mtu mbele ya watu.

Sasa kuhusu watu wako. Jilala Kaza Taruma siku hizi hatoki. Yoramu Nyundo Moja naye hatoki. Wenceslaus Taa Mbili alihama, hakuacha anwani. Hao wengine sina hakika nao. Watu wa salamu, mpwa wangu, waache redioni. Huko ndiko kwao. Ukianza kuwatoa na kuwakalisha kwenye viti utaharibu kitu ambacho hakijaharibika.

Kwa nini usije tu Bukene bila muziki, ukala ugali na samaki wa bwawani, ukarudi? Jukwaani unaitwa Mpagazi. Wapagazi wa Unyamwezi walikwenda pwani na mzigo na walirudi, hata kama ilichukua miezi. Wewe umekwenda na begi moja, na miaka kumi sasa kila mara ninakusikia unapita tu Tabora juu ya ndege.

Nimekuwa mkali, na leo ni siku ya mfungo. Unisamehe.

Mjomba wako,
Xavery Lugembe


Dar es Salaam
6 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Hongera za mtoto. Mwambie Consolatha nitamletea nguo Oktoba, anitumie tu kipimo.

Ukumbi umepatikana. Shukrani amesema gazeti linataka historia yangu ya miaka kumi, kwa hiyo nimeiandika. Nakutumia nakala uirekebishe, maana mambo ya mwanzo unayajua kuliko mimi.

Mwaka 2014 nilirekodi "Behewa la Tatu" kwenye studio ya chumba kimoja Tabora mjini, nikiwa na viatu vya kuazima. Tobias akaipiga redioni, watu wakaanza kuiomba, na kabla ya Krismasi nilikuwa kwenye basi la Dar. Mtayarishaji wa huku akaniuliza watu wa kwetu zamani walifanya kazi gani. Nikamwambia walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Akasema basi wewe ni Mpagazi. 2015 hakukuwa na harusi bila wimbo wangu. 2016 maonyesho sitini na moja, Nairobi, Lubumbashi, Muscat. Nakumbuka vyumba vya hoteli, miji siikumbuki. 2017 tuzo tatu. 2018 niligombana na bosi wa kwanza, akabaki na jina la Mpagazi kwa mwaka mzima, nikawa naimba kama Benja, watu wakauliza Benja ndiye nani. 2019 albamu, nyimbo kumi na mbili, hakuna anayejua hata mbili. 2020 maradhi yale, watu wakakaa mbali mbali, nikawa naimbia simu sebuleni. 2021 kijana mmoja maarufu alinishirikisha kwenye wimbo wake, na kwenye video naonekana sekunde nne nikiwa na glasi. 2022 nilikuwa jaji wa mashindano ya vipaji. Kazi yangu ilikuwa kuwa yule jaji mpole. 2023 harusi za watu, na tangazo la sabuni ya unga. 2024 ni hii hapa.

Nimeirudia kuisoma. Inaonekana habari za mtu ninayemfahamu kwa mbali.

Hukusema neno juu ya Mama Behewa. Umewataja watatu, yeye ukamruka. Jumapili iliyopita Tobias alisoma kadi yake, na ujumbe wake ulikuwa "msilale bila kula." Nilikuwa sijala tangu jana yake. Niliinuka nikapika wali. Mama huyo akikaa mbele yangu siku hiyo, na wengine wote wasije, mimi nitaona nimefika. Mwambie hivyo kwa maneno hayo.

Wasalimie wote.
Benjamini


Bukene
Jumapili, 16 Juni 2024

Marahaba, Benja.

Safari hii barua imechukua siku kumi, gadi ameanza kuogopa. Mtoto Theodora ameanza kucheka. Baridi imeanza, asubuhi nashindwa kuifunga hata kamba ya kiatu. Nimeipaka chokaa nyumba ya mama yako, ukuta wa upande wa reli ulikuwa mweusi wote kwa moshi na vumbi. Kufuli nililotia mlango wa nyuma mwaka 2018 limeshika kutu, halifunguki, lakini si neno, hakuna anayeingia.

Sahihisho. Viatu vya 2014 havikuwa vya kuazima kwa mtu asiye na jina. Vilikuwa vyangu, vya kahawia, vya kanisani, na hujavirudisha. Liandike gazeti.

Mwaka 2016, siku uliyosema utapitia hapa ukitoka Mwanza, mama yako alifua mapazia yote. Hukupita. Aliyafua tena mwezi uliofuata, akasema yalikuwa hayajatakata vizuri.

Mwaka 2017 umeandika "tuzo tatu," ukaweka nukta. Hapo siongezi kitu. Nafasi nimekuachia.

Mwaka 2019 unasema hakuna anayejua hata nyimbo mbili za albamu ile. Mimi nazijua saba.

Ngoja nikueleze kidogo wale watu wa redio walivyo, labda utaacha. Jilala alikuwa kwenye gengi la reli namba kumi na nne, gengi la kukarabati njia kati ya hapa na kituo kinachofuata. Alikuwa hodari wa kukaza mataruma, yale magogo ya chini ya reli, ukipita juu yake na treni husikii mtikisiko. Yoramu alipigilia msumari wa reli kwa nyundo moja tu. Wenceslaus alitembea na taa mbili kwa sababu hakuamini moja. Watu wa kazi. Hawakuwahi kukaa mstari wa mbele wa kitu chochote maishani mwao, na mimi ndiye niliyekuwa najaza daftari lao la mahudhurio kila asubuhi. Usiweke viti, Benja. Nakuomba kama mjomba wako.

Kuhusu Mama Behewa, usiniulize kwa barua. Na kwa simu usinipigie, sitasikia.

Xavery


Dar es Salaam
2 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Naandika mbio. Mabango yamechapishwa. Kwenye bahasha hii kuna kadi za mwaliko arobaini na moja, kila moja na jina kwa mkono wangu. Wagawie. Viti vitakuwepo, nimeshamwambia Shukrani, naye hata hakubisha. Wewe ndiye unayebisha.

Nilikwenda kwa daktari, nikamwambia nikiwa jukwaani naona mikono ya watu juu lakini sipati kitu ndani. Akaniuliza mara ya mwisho nililia lini. Nikafikiri sana. Nikamwambia nilipokuwa darasa la sita nilivunjika mkono. Akaandika kwenye karatasi yake.

Kama kuna jambo unanificha, sema sasa. Baada ya tarehe tano halitakuwa na maana.

Benjamini


Bukene
22 Septemba 2024

Marahaba.

Kadi nimezigawa. Wiki sita nimepita nyumba kwa nyumba na baiskeli, nyingine nimezipeleka kwa treni mpaka Tabora, na mbili mpaka Kaliua. Mafuta ya kuchua magoti yamekwisha chupa nzima. Kutoka kila nyumba atakuja mtu. Isipokuwa nyumba moja.

Niliandika barua ndefu ya kukueleza, nikaisoma, nikaitia jikoni, Consolatha akaivishia maharage. Niliona ukiambiwa hivyo ukiwa peke yako huko Dar hutakuja kabisa, na mimi nakutaka uje. Hilo ndilo kosa langu, na nimelichagua mwenyewe.

Nitakuwepo. Nitavaa suti ya kijivu. Viatu vizuri sina, unajua viliko.

Mjomba wako,
Xavery


Bukene
27 Oktoba 2024

Benjamini, mpwa wangu.

Wiki tatu zimepita tangu siku ile na hujaandika. Shukrani amemwambia Consolatha kwamba upo, unakula, umezima simu. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imepiga juzi, imeondoka na bati moja la jikoni. Theodora anasimama kwa kushika kiti. Nimemaliza salamu, sasa nasema yale niliyopaswa kuyasema Machi.

Nilikuwa nimekaa ukutani, upande wa kushoto, na ninataka ujue niliona nini, maana wewe ulikuwa na taa usoni. Ukumbi ule ungejaa watu mia nane. Walikuwepo mia na kidogo, vijana wengi wao, wamekuja na simu zao. Mbele kulikuwa na viti vyako na karatasi za majina, na watu wangu wamekaa wameshika kadi zao kwa mikono miwili.

Uliimba tatu. Halafu ukatoa daftari ukasema, "Jilala Kaza Taruma, simama nikuone." Akasimama Pelagia, na kitenge chake cha kanisani. Akasema, "Jilala alifariki mwaka 2009, baba. Mimi ni mkewe. Nimekuja kumwitikia." Vijana wa nyuma walicheka, walidhani ni mchezo mmeupanga. Wewe ukasema, "Asante mama, karibu." Ukaita Yoramu Nyundo Moja, akasimama mwanawe, akasema baba amefariki. Ukaita Wenceslaus, akasimama dada yake. Nilingoja ufunge daftari. Hukufunga. Ulipofika jina la tisa au la kumi uliacha kuuliza yuko wapi, ukawa unataja jina tu, mtu anasimama, anasema "nipo kwa niaba yake," unataja lingine. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaita asubuhi kwenye gengi. Vijana wakaacha kucheka. Wengine wakashusha simu. Pelagia ameniambia miaka kumi na tano hakuna mtu aliyelitaja jina la mumewe kwa sauti kubwa mbele ya watu, na kwamba alitembea kutoka stesheni mpaka nyumbani hasikii miguu.

Halafu ukaita Mama Behewa. Hakusimama mtu. Watu wote wa Bukene waligeuka wakanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu vya plastiki. Uliita mara tatu. Ukacheka kidogo ukasema labda amekosa treni. Ukaimba wimbo wake mpaka mwisho, ukashuka, ukapita mlango wa nyuma, hukumsalimia mtu.

Sasa sikiliza. Kadi zile zote nilikuwa naandika mimi. Mwaka 2019 watu walipoacha kukuomba redioni nilianza kujaza. Redio inataka mtumaji mmoja kadi moja kwa Jumapili, jina langu lisingefua dafu peke yake, nikatafuta majina ambayo mkono wangu umezoea. Yakaja ya gengi. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine, nilipenda kuwasikia wakitajwa. Jumapili naketi, Tobias anasema "Jilala Kaza Taruma wa Bukene," na mimi naitika kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Tobias mwandiko wangu anaujua tangu siku nyingi. Alinyamaza.

Kadi za Mama Behewa sikuziandika mimi. Aliziandika mama yako.

Wimbo wako ulipotoka mwaka 2014 hakuna aliyeuomba. Gazeti lako limesema watu walianza kuuomba. Mama yako Dafrosa ndiye aliyeanza. Wiki ya kwanza alituma kadi yeye peke yake, ya pili akawaandikisha kadi wanakwaya wenzake, ya tatu wakaja watu tusiowajua, na baada ya hapo ukawa wa kila mtu. Sisemi yeye ndiye aliyekufanya. Uliimba wewe. Lakini hakutaka ujue, alisema, "Akijua ni mama yake anayeomba atajiona anabembelezwa." Akajipa lile jina, akalishika mpaka mwisho.

Agosti 2017, alipoambiwa hali yake, alimtuma Consolatha amletee kadi tupu. Alikaa kitandani anajaza. Hakuweka tarehe. Alijaza kopo zima la biskuti, akaniambia nizitoe moja kila mwezi, nisizimalize haraka. Nimefanya hivyo miaka saba. Ile ya "msilale bila kula" aliiandika akiwa hawezi kumeza maji.

Alifariki Ijumaa, tulizika Jumapili, na Jumamosi katikati tulikuona kwenye televisheni ya jirani umeshika tuzo. Ulikuja arobaini, na magari mawili na mtu wa kamera. Sikukusema mbele za watu na sikusemi leo. Ila nikisema sikuumia nitakuwa nimeongopa, na uongo wangu kwako umetosha.

Kwenye kopo imebaki moja. Sikuwahi kumpa Tobias kwa sababu ujumbe wake niliona si wa redioni. Nimeiweka humu ndani. Mwandiko utaujua.

Sikuulizi kama utaendelea kuimba. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjomba wako,
Xavery


Dar es Salaam
1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini bati la jikoni limerudishwa, na mtoto amekwishaanza kutembea. Nguo zake ninazo, nilizinunua kabla ya onyesho, zikabaki kwenye begi.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa bila kuifungua. Nilijua kuna kitu ndani kigumu kuliko karatasi, nilikisikia kwa kidole.

Nakujibu kwanza ile nafasi uliyoniachia kwenye mwaka 2017. Consolatha alinipigia Ijumaa saa kumi alasiri. Kesho yake jioni nilipanda jukwaani. Nilimwambia kila mtu, na nyie nikawaambia, kwamba mkataba ulinibana. Haukunibana. Yule bosi wa kwanza aliniambia mwenyewe, nenda kazike. Nilibaki. Na kitu ambacho sijamwambia mtu, hata daktari, ni kwamba siku ile niliimba vizuri. Niliimba vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nikashuka, nikasubiri uchungu uje. Sikuja nyumbani kwa sababu nilikuwa nausubiri, nikaona aibu kufika msibani mkavu. Umefika mwaka wa saba, bado nasubiri.

Siku ile Tabora, Mama Pelagia aliposimama, nilielewa hapo hapo. Sikufunga daftari kwa sababu nilisikia wewe unaita. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanichukua asubuhi pale stesheni, unaita majina, na mimi nimekaa juu ya mataruma nangoja wote waitike. Nikaona nimalize. Lakini Mama Behewa nilidhani yeye yupo hai. Nilidhani huyo mmoja yupo.

Kadi nimeisoma. Imejazwa kama nyingine zote. Mtumaji: Mama Behewa wa Bukene. Salamu zimfikie: Benjamini Ngollo, popote alipo. Wimbo: wowote wa kwake. Ujumbe: "Ukifika usibishe hodi, pitia nyuma, mlango siufungi."

Sikukasirikii, mjomba, wala kwa gengi, wala kwa viti. Shukrani anauliza mwakani tufanye nini, nimemwambia asiniulize mpaka Pasaka. Nimemwomba Tobias kadi kumi tupu. Jumapili tutazijaza pamoja, unitajie wale wa gengi ambao hukuwahi kuwatuma, na mimi niandike moja ya mama kwa mkono wangu. Viatu vyako ninavyo. Nimevipeleka kwa fundi, amevitia soli mpya.

Nakuja na treni ya Alhamisi, tarehe 19. Usije stesheni na usimwambie mtu, hata Consolatha. Sijalia bado. Nadhani itakuwa pale mlangoni nikiusukuma, kwa hiyo siku hiyo usikae karibu, njoo kesho yake.

Lile kufuli litoe kabla sijafika. Kama halifunguki, livunje.

Mpwa wako,
Benjamini